Madumu ya Alfajiri, Nkuhungu

Bomba ni lile lile. Koki yake imefungwa kipande cha mpira wa baiskeli,
maji yakija hukohoa kwanza,
hutema kutu, halafu hukubali.
Na foleni ni ile ile: madumu ya njano yaliyopangwa tangu usiku,
kila moja na jiwe lake juu, au kandambili,
au jina lililoandikwa kwa rangi ya kucha,
yakisubiri kwa niaba ya watu.

Tulikubaliana wanne, siku tuliyokunywa chai ya Mama Yaledi kwa mkopo:
kila mtu alete foleni yake.
Tusiibiane. Tusichunguliane.
Wiki mbili.

Masinjisa alileta zeze.
Hakuimba neno. Alikaa juu ya kreti ya soda
akakwaruza uzi mmoja, mmoja tu, mpaka tukatamani kumpiga,
ndipo akagusa wa pili
na Mama Yaledi akaruka: "Yamekuja!"
Alikuwa ameshashika ndoo.

Nyemo alifinyanga wanawake kumi na mmoja
wasio na nyuso. Shingo tu, shingo ndefu, ngumu.
"Nyuso ni zao wenyewe," alisema.
"Shingo ndiyo ya mtaa."
Watatu walipasuka motoni.
Akawapanga nao mezani na nyufa zao, hakueleza.

Chilongani, yule wa picha za pasipoti,
alipiga picha chini: vumbi jekundu,
na duara, na duara, na duara,
alama za vitako vya madumu baada ya watu kuondoka.
Tukamcheka. Foleni iko wapi?
"Mimi," alijibu, "huchelewa kuamka."

Nami ni mchora mabango, kazi yangu mnaijua:
yule kuku wa Majengo anayetabasamu huku anakaangwa
ni wangu, Mungu anisamehe.
Mimi nilichora kila kitu.
Gunia la unga, nimelipaka chokaa, likawa turubai.
Nilihesabu madumu: arobaini na tatu.
Nikachora jiwe la kila dumu,
mtoto wa Ndahani aliyelala amekumbatia mpira wa maji,
mbwa asiye wa mtu,
na mlima wa Mlimwa kwa mbali, umekaa
kama mtu aliyerukwa zamu.
"Huyu ndiye mkweli," wakasema. "Huyu hajaongeza chumvi."

Isipokuwa Nyemo. Alisogea, akaweka kidole
kati ya dumu la ishirini na la ishirini na moja.
"Mbona hapa pana nafasi?"

Rangi iliniishia, nikasema.

Rangi ilikuwepo. Ya njano ninayo nusu kopo hadi leo.
Pale ndipo dada yangu Sechelela alipokuwa akiweka dumu lake,
lile lililozibwa kwa gunzi la hindi,
na lingine kando yake, langu,
mimi nikiwa bado nakoroma.
Foleni yenyewe iliziba siku ile ile tuliyomzika;
watu wa bombani hawaachi pengo,
wakiliacha, yupo wa mtaa wa pili atakayeliona.
Kwa hiyo kati ya wanne aliyedanganya ni mimi,
mimi niliyesifiwa kwa kuhesabu.

Mama Yaledi ameitundika juu ya meza ya chapati.
Moshi unaila taratibu.
Wateja husimama, hutafuta, kila mmoja anataka dumu lake,
na asiyeliona hunilaumu kama karani.
Juzi muuza karanga aliweka kidole pale pale, penye chokaa tupu.
"Hapa," akasema, "ni pangu. Siku ile niliamka na homa."

Sikumsahihisha.
Nikamwagizia chai.